Ndege wa Mdomoni

Lipo neno moja la Kiingereza ambalo siwezi kulisikia nikaendelea na kazi yangu. Si tusi, wala si neno kubwa. Ni jina la ndege mdogo wa rangi ya udongo, mwenye madoadoa kifuani, ambaye kwao Ulaya wanamsifu kwa kuimba. Wanamwita thrush. Mimi ndege huyo sijamwona maisha yangu yote na sina hamu ya kumwona. Wajukuu wangu wakiniuliza nina ugomvi gani na ndege asiyenijua, huwajibu kwamba aliwahi kupita nyumbani kwetu Mtwara, mara moja tu, na hakuondoka mikono mitupu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Kwetu sisi, watu tuliotoka ng'ambo ya Ruvuma, mwanamume akioa huhamia ukweni, angalau kwa miaka ya mwanzo, wamtazame kama ni mtu au ni hasara. Mama alivuka mto zamani akiwa binti, akifuatana na baba yangu aliyekuja kukata mkonge, na mkonge ukamla baba kabla mimi sijapata akili ya kumkumbuka. Mama akaishi Kitaya, kisha akahamia mjini, akajenga nyumba ya miti na udongo yenye vyumba viwili na uwanja mpana wa kuanikia mihogo. Kiswahili alikijua, ila hakuacha kukisema kwa ulimi wa kwao. Mtoto kwake alikuwa ntoto, mkwe alikuwa nkwe, na Mtwara yenyewe ilikuwa Ntwara. Nilipokuwa mdogo nilimwonea aibu kwa hilo. Siku hizi ningetoa chochote kumsikia.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini. Wakati wa korosho alirudi nyumbani mabega yamechubuka kwa magunia, ananuka gunia na jasho, na bado mfukoni ana neno. Alikuwa amejiwekea kwamba hatakufa kuli. Alitaka kuwa karani wa kusimama kivulini na kalamu, akiyahesabu magunia yanayobebwa na wengine. Kwa hiyo alinunua kamusi, ndogo, nyembamba, ya wanafunzi, yenye jalada lililokuwa jekundu kabla halijawa la rangi ya vidole vya watu. Kila meli ya Waingereza ilipofunga gatini aliokota neno moja au mawili, akayaleta nyumbani kama wenzake walivyoleta samaki. Nilikuwa namtania mlangoni, "Leo umevua nini?" Naye hujibu kwa fahari, amekaa kwenye kigoda chake, anafungua kamusi.

Nakumbuka siku alipokuja anacheka peke yake. "Unajua kreni?" akaniuliza. Nikamwambia nani asiyeijua, ile winchi kubwa ya bandarini inayoinua mizigo. "Kumbe kwa Kiingereza kreni ni jina la korongo," akasema. "Shingo ndefu, shingo ndefu. Wameona chuma, wakaona ndege, wakavipa jina moja." Alifurahi na hilo juma zima. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu niliona amefurahi. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba mtu huyu alijua kabisa neno moja linaweza kubeba vitu viwili. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi.

Sasa kati ya mume wangu na mama yangu palikuwa na adabu ya ukwe, na kwetu adabu ya ukwe haikuwa mchezo. Hawakutazamana. Hawakula pamoja. Yeye akikaa barazani, mama alizunguka nyuma ya nyumba kwenda kuchota maji. Hawakusemezana ana kwa ana, ingawa nyumba ilikuwa ndogo na kila mmoja alimsikia mwenzake akikohoa. Mama alisema kwa sauti, "Mwambie nkwe wangu uzio umelala." Mume wangu, hatua chache tu kutoka hapo, alinijibu mimi, "Mwambie mama nitausimamisha jioni." Nami nilipaswa kurudia, ingawa wote wamesikia. Mimi ndiye niliyekuwa posta ya nyumba ile.

Mama hakuwa na ubaya na mkwewe, lakini kamusi hakuipenda. Aliona mwanamume anayekaa na kitabu wakati uzio umelala ana kasoro mahali. Mume wangu alilijua hilo na lilimuuma. Kuna wanaume wanaotaka kusifiwa na ulimwengu mzima. Huyu alitaka kusifiwa na mtu mmoja, naye ndiye asiyeruhusiwa kumtazama usoni.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa mvua, wa kiume, mzito, mwenye nywele nyingi. Tangu siku aliyopewa jina, mimi sikuwa tena na jina langu. Nikawa mama wa fulani, kama wanawake wote, na hilo fulani sitaliandika hapa. Mume wangu alinipa jina hilo jipya kabla ya majirani. Aliniita kwa nguvu hata nilipokuwa karibu yake, ili alisikie mwenyewe.

Mtoto hakuwa ameanza kukaa alipopata ugonjwa. Ulianza mdomoni. Nilipomfungua kinywa niliona ulimi umefunikwa na weupe, na mashavu kwa ndani yana weupe uleule, nikadhani ni maziwa. Nikafuta kwa kitambaa, haukutoka. Akawa analia kila anaposhika titi, analiacha, analitafuta tena, analiacha. Kisha mwili ukaanza kuchemka. Mume wangu akaomba ruhusa kazini, tukampeleka hospitali mjini.

Foleni ilikuwa ndefu hadi chini ya dirisha la nje. Daktari alikuwa Mzungu, si mtu mbaya, ila amechoka kiasi kwamba alimshika mwanangu kidevu kama mtu anayeangalia embe limeiva. Alitazama kinywa, akamwambia neno dresa, msaidizi wa wodi aliyekuwa akimfasiria, akapita kwa mgonjwa mwingine. Dresa akatugeukia. "Dawa yake imekwisha stoo. Mrudi kesho asubuhi itakuwapo, na kesho atachomwa sindano kwa ajili ya hiyo homa."

"Amesema mtoto ana nini?" mume wangu akauliza.

Dresa hakuwa na jina la ugonjwa ule kwa Kiswahili. Akarudia lile lile la Kiingereza. Mume wangu, kwa ile tabia yake ya bandarini, akamwomba amtajie herufi. Dresa akacheka kidogo, akamtajia moja moja, na watu wa kwenye foleni wakatutazama. Nilijivunia mume wangu saa ile. Nilimbeba mtoto wangu mgonjwa na nilijivunia, kwa sababu kati ya wanaume wote waliokuwa pale yeye peke yake alithubutu kuuliza.

Tulipofika nyumbani hakukaa hata kunywa maji. Alitoa kamusi, akaipekua kwa kidole, akasimama mahali pamoja kwa muda. Kisha akasoma taratibu. Thrush: namna ya ndege mdogo, aimbaye vizuri. Akatazama kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Kamusi ile ilikuwa nyembamba, na walioitengeneza waliona wanafunzi wa shule wanatosheka na ndege.

Mama alikuwa uwanjani anageuza mihogo. Niliisikia mikono yake ikiacha kazi.

Inabidi nieleze hapa kwa ajili ya wale waliokulia mbali na pwani yetu. Kwetu ndege si ndege tu. Ndege ni yule wa mtini. Ndege ni eropleni, na miaka ile ndugu zetu walikuwa bado wanavuka Ruvuma na mikeka kichwani wakizikimbia ndege za Wareno, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa linatutia baridi. Ndege ni ishara, njema au mbaya, inayomkuta mtu njiani. Na ndege, au degedege, ni ugonjwa wa watoto wachanga. Mtoto anapatwa na homa, kisha macho yanageuka, mikono inakakamaa, mwili unarukaruka. Wazee walisema kuna ndege anayepita juu jioni, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, au kikiangukia tu nepi zake zilizoachwa kambani baada ya magharibi, basi amemshika. Na mtoto aliyeshikwa na ndege hachomwi sindano. Hilo lilikuwa halina mjadala. Kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa na mtu anayemjua, aliyechomwa sindano akiwa na ndege, akafia hapohapo mkononi mwa dresa.

Kwa hiyo kwenye Kiingereza palikuwa na ugonjwa wenye jina la ndege, na kwenye Kiswahili palikuwa na ugonjwa wenye jina la ndege, wala magonjwa hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Ni bahati mbaya tu ya maneno, na mwanangu alikuwa amelala katikati yake, mdomo wazi.

Mama alikuja mpaka nyuma ya mlango. Hakuingia, adabu haikumruhusu, lakini alisogea karibu kuliko siku zote, nikauona upindo wa kanga yake chini ya mlango. Na hakusema nami. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe alisema na mume wangu moja kwa moja.

"Kumbe nao Wazungu wanaujua," akasema. "Nkwe wangu, umesoma vizuri."

Niliuona uso wa mume wangu. Mtoto alikuwa mgonjwa na baba yake alikuwa na hofu, lakini chini ya hofu hiyo kitu fulani kiliwaka, na sikumlaumu wala simlaumu. Alikuwa amesubiri sana kusikia maneno hayo.

Asubuhi hatukurudi hospitali. Mama alijua mwanamke mmoja Kitaya, mjuzi wa kutoa ndege, na lilipatikana lori lililokuwa linaelekea upande wa mto. Meli ilikuwa gatini, mume wangu hakuweza kuomba ruhusa mara ya pili. Alitusindikiza mpaka penye lori, akamshika mtoto unyayo, akasema, "Nitakuja Ijumaa." Halafu akamwambia mtoto, si mimi, "Ukiuona mto Ruvuma wa babu zako, uambie baba yako anajua kusoma." Ilikuwa mzaha. Alikuwa mtu wa mizaha wakati huo.

Kule Kitaya yule mwanamke alitupokea vizuri. Alikuwa na mikono misafi na sauti ya chini, na siwezi kumsema vibaya. Alimwogesha mtoto kwa maji ya majani, akamfukiza, akamfunga uzi mweusi kiunoni. Homa haikushuka. Kisha, ndani ya kanga yangu, macho yake yaligeuka na mikono ikakakamaa, na wanawake wote waliokuwapo wakatikisa vichwa. Sasa kila mtu aliona kwa macho yake mwenyewe kwamba ni ndege kweli. Hata mimi niliona. Leo najua kwamba ilikuwa homa, pengine malaria, imepanda kichwani, na kwamba ule weupe wa mdomoni ulikuwa jambo dogo la kando. Sijui kama ile sindano ingemponya. Hakuna anayejua. Lakini asingekuwa Kitaya, angekuwa kitandani hospitali.

Alikufa siku ya Alhamisi adhuhuri, na jua limesimama. Tulimzika pale pale, juu kidogo ya mashamba ya mpunga. Ijumaa mume wangu akafika na kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa nilimwambia mtoto hanyonyi. Hakuna aliyemwambia. Aliona nyuzi za nywele zangu nimezifungua, kama afanyavyo mfiwa, akaliweka kopo chini.

Kwenye matanga alihadithia. Kila mgeni aliyekaa mkekani alisikia jinsi daktari Mzungu alivyotazama kinywa akatamka jina, na jinsi jina lilivyotafutwa kitabuni likawa ni ndege. Watu walifarijika sana. Tuliyafanya yote yaliyopaswa kufanywa, walisema, hata Wazungu walikiri. Naye alilirudia hilo, hata Wazungu walikiri, na mama akiwa ndani na wanawake aliitikia kwa mguno. Nafikiri ilimsaidia asianguke. Ilinisaidia mimi pia. Mtu anaweza kukaa na msiba ikiwa msiba una jina linalojulikana.

Kisha, kabla ya arobaini, akaacha kuhadithia.

Ilitokea ghafla. Alirudi siku moja kutoka bandarini, hakugusa chakula, akaingia ndani akalala akitazama ukuta. Nikadhani ni magunia. Kesho yake akaja jirani aliyekuwa safarini wakati wa msiba, akaanza, "Nasikia hata daktari…" Mume wangu akainuka akaenda msalani na hakurudi mpaka jirani ameondoka. Kamusi akaifunga kwenye kitambaa akaipandisha juu ya ukuta, chini ya makuti. Maneno ya meli hakuyaleta tena. Na mimi akaacha kuniita. Mtaa mzima uliendelea kuniita mama wa fulani, kwa sababu mtoto akifa jina la mama halifi, linabaki nje likikuita kila siku sokoni. Yeye peke yake alilinyamazia. Alianza kusema "wewe," au alikohoa tu nikajua ananitaka. Nilimkasirikia kwa hilo. Nilidhani amemsahau mtoto mapema mno.

Ukarani hakuuomba tena. Mwaka ukaja na mwingine ukaja, na mwenzake aliyejua Kiingereza nusu yake akapewa kalamu na kivuli.

Mimi nilisoma. Wakati wa kisomo cha watu wazima nilikaa darasani na wanawake wa rika la mama, tukaandika majina yetu kwa chaki mpaka mikono ikauma. Baada ya hapo nikapata kazi ya kufagia na kufua wodini, katika hospitali ileile. Watu waliniuliza ninawezaje kuingia mlango ule. Nilikuwa naingia kwa sababu mlango ule ndio tuliokataa kuurudia, na nilitaka kuona kulikuwa na nini upande wa pili.

Siku moja nilikuwa chini ya vitanda na fagio langu, sista wa zamu, mwanamke wa bara mwenye haraka, amemshika mtoto wa mtu kidevu na anamwonyesha mwanafunzi wake. Akalitaja lile neno. Nikasimama. Nilisema kabla sijafikiri, "Sista, mtoto huyu ana ndege?"

Akacheka, si kwa dharau. "Ndege? Nani kakwambia? Huu ni utando wa mdomo tu, watoto wengi wanaupata. Ona." Akachovya pamba kwenye kichupa cha dawa ya zambarau, akampaka yule mtoto ulimi na mashavu, midomo yote ikawa ya rangi ya wino. "Siku chache, anapona. Jina tu ndilo limefanana. Liko na la ndege, lakini hili ni jingine."

Nikamshukuru. Nikamaliza kufagia, maana ilikuwa zamu yangu. Halafu nikaenda nyuma ya wodi, kwenye kamba za mashuka, nikajifunika shuka bichi usoni.

Baadaye sana, nilipopata kushika kamusi nene, zile za kuwekwa mezani, nilikwenda kulitazama neno lile kwao. Nilitaka kujua ni nani aliyefanya hivi. Nilikuta kwamba jina la ndege ni la kale sana, mababu wa Waingereza walikuwa nalo kabla hawajakijua hata kisiwa chao. Jina la ugonjwa ni mgeni. Lilitokea karne nyingi baadaye, na wenye elimu hawana hakika lilitoka wapi. Wanadhani labda lilivuka bahari kutoka kwa watu wa kaskazini. Maneno mawili ya koo mbalimbali yamekutana njiani, yakavaa nguo moja, wala hakuna aliyejali kuyatofautisha. Hata ugonjwa wa kwato za farasi wameupa jina hilohilo. Nilikaa na kitabu kile mapajani nikitafuta mtu wa kumlaani, nikakosa. Hata sisi tunasema kaa, ni wa baharini. Kaa, ni la moto. Kaa, ni kitako. Hakuna anayekufa kwa hilo. Kwa kawaida hakuna anayekufa.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba mdomo wa mtoto asiyeweza kunyonya ulipewa jina la ndege wa kuimba. Hata kama ni bahati tu ya maneno, ni bahati katili.

Siku ile ya sista, nikitoka hospitali na macho mekundu, nilikuwa nimeamua kumwambia mume wangu. Nilipokaribia nyumbani nikamwona anasimamisha uzio, na mama yuko nyuma ya nyumba anapitisha ufito kupitia pengo bila kumtazama. Tangu siku ya kamusi, mama alimheshimu mkwewe. Alimsifu kwa majirani: nkwe wangu amesoma. Ningefungua mdomo wangu ningemwambia nini mtu huyo? Kwamba sifa pekee aliyowahi kupewa ndiyo iliyomzika mwanawe? Na mama, aliyekata shauri la Kitaya, ningemwambia nini? Nikasema moyoni wao wamepumzika na uwongo wao, mimi nitaubeba ukweli peke yangu. Niliona kama ninawafanyia wema. Nilipita, nikawaamkia, nikawasha moto.

Nilibeba hivyo mpaka nilipozaa tena. Wa kike, mwembamba, mwenye kelele. Walimpa jina lake, lakini mtaa haukulibadilisha la kwangu. La kwanza ndilo linaloshika. Mama alikuwa amezeeka, macho yamepungua, akimjua mjukuu kwa vidole. Asubuhi moja nilikuta ulimi wa mtoto ni mweupe. Analishika titi, analia, analiacha.

Mama aliingiza kidole chake mdomoni mwa mtoto, akakitoa taratibu. "Amerudi," akasema. "Ndege amerudi. Mwambie nkwe wangu atafute lori."

Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda kazini, au nilidhani hivyo. Nikakaa na mtoto mapajani, nikajua leo ndiyo siku. Mtoto huyu hatapanda lori. Nikapanga maneno yangu: kwanza nitamkalisha mume wangu chini, kisha nitasema hukukosea kusoma, kitabu ndicho kilichokuwa kifupi. Nilifanya mazoezi kwa kunong'ona. Ningemrudisha kwenye kaburi la Kitaya mara ya pili, lakini huyu angeishi.

Akaingia. Hakuwa amekwenda kazini. Alikuwa amemsikia mtoto akilia kwa namna ile alfajiri, akatoka moja kwa moja kwenda duka la dawa akasubiri lifunguliwe. Alikuwa na jasho. Akafungua kiganja, na ndani yake kulikuwa na kichupa cha dawa ya zambarau.

"Si ndege," akanong'ona, mama asisikie. "Ni ugonjwa wa mdomo. Jina lake tu ndilo la ndege."

Maneno yote niliyopanga yakaniishia. "Umejua tangu lini?" nikamwuliza.

Alikaa kwenye kigoda. "Ilikuja meli ya Waingereza," akasema. "Kabla ya arobaini. Alikuwapo mmoja anayesimamia magunia, mtu mpole. Nikamwuliza ndege huyu anaimbaje. Nilitaka kujua tu. Nilisema nikijua anaimbaje nitakuwa nimejua kitu chake. Akanipigia mluzi pale gatini. Ulikuwa mzuri. Halafu akaniuliza kwa nini nataka kujua, nikamweleza." "Akaacha kupiga mluzi. Akavua kofia. Akaniambia mwanawe naye aliwahi kuupata, mdomoni."

Kabla ya arobaini. Miaka yote hiyo. Mimi nilidhani ninamfunika yeye, kumbe alikuwa amenifunika mimi kwa shuka hilohilo, tumelala chini yake kila mmoja anashika upande wake.

"Na mimi najua," nikamwambia. "Sista alinieleza wodini."

Akanitazama. Hakuuliza tangu lini. Nikaona mabega yake yakishuka, yale mabega ya magunia, na akalia bila sauti, kwa kuwa mkwewe alikuwa nyuma ya ukuta. Nami nililia. Sikumgusa, nilikuwa na mtoto.

Kisha akajifuta kwa kiwiko, akakohoa, akainua sauti ile ya siku zote. "Mwambie mama," akaniambia, "dawa ya ndege imepatikana mjini. Hakuna haja ya lori."

"Mama," nikasema, "anasema dawa ya ndege imepatikana mjini."

"Mwambie nkwe wangu ahsante," mama akajibu kutoka uwanjani. "Nilijua atasoma mahali." Alikufa miaka mingi baadaye akiamini hivyo, na hatukumtoa kwenye imani hiyo.

Mume wangu akachovya pamba. Mkono wake ulikuwa mzito wa kazi, lakini alimpaka mtoto ulimi, mashavu, ufizi, polepole, mpaka kidevu na kanga yangu vikawa vya zambarau. Mtoto akalia, akakunja uso, akalitafuta titi. Akalishika. Safari hii hakuliacha.

Mume wangu alibaki amepiga magoti na kichupa mkononi. Akaniita mama wa fulani, kwa jina la yule wa kwanza, lile ambalo hakuwa amelitamka tangu mwaka wa Kitaya.

"Ananyonya?" akauliza, ingawa alikuwa anaona.

Nikamwambia ananyonya.